Amana ya Mkutubi: Mwenendo Mwema Kazini kwa Watumishi wa Maktaba za Umma

ELIMU YA UTUMISHI

Madhumuni ya somo

Somo hili linawahusu watumishi wote wa maktaba za umma za Unguja na Pemba: wakutubi, makarani, wahudumu na walinzi. Linawahusu pia wananchi wanaozitumia maktaba hizo, kwa kuwa haki isiyojulikana na mwenyewe ni rahisi kupotea. Baada ya kulisoma, mtumishi anatarajiwa aweze:

(a) kueleza kwa nini kazi ya maktaba ni amana;
(b) kutaja mambo makuu ya mwenendo yanayompasa kila siku;
(c) kuamua lililo sawa pale ambapo urafiki, ujamaa au cheo cha mtu vinamvuta upande mwengine.

1. Maktaba ya umma na misingi yake

Neno "maktaba" linatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "kitabu" na "katibu". Ni mahali pa maandishi. Lakini maktaba ya umma haitoshi kuitwa mahali pa maandishi tu, kwani hata ghala huweza kujaa vitabu. Maktaba huwa ya umma pale kila mtu, bila ya kuulizwa ukoo wake wala mfuko wake, anapoweza kuingia, kuuliza na kusoma. Kinachotofautisha ghala na maktaba ni mtumishi aliyepo pale.

Msingi wa kazi hii hapa kwetu umo katika Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, inayotambua usawa wa watu mbele ya sheria, haki ya kupata habari na haki ya mtu kuhifadhiwa faragha yake. Ajira na nidhamu ya watumishi zinaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya mwaka 2011. Kimataifa, Shirika la UNESCO lilitoa Ilani ya Maktaba za Umma mwaka 1949, ikarejewa mwaka 1972, 1994 na 2022. Ilani hiyo inataka huduma itolewe kwa watu wote bila ya kujali umri, rangi, jinsia, dini, taifa, lugha wala hali ya mtu. Aidha, mwezi wa Agosti 2012, Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Maktaba, IFLA, lilipitisha kanuni za maadili ya wakutubi. Miongoni mwa yaliyomo ni upatikanaji wa habari, faragha ya msomaji, kutopendelea upande, na uhusiano mwema baina ya watumishi.

Misingi hiyo yote haina nguvu mpaka ifike kwenye meza ya kuazimia vitabu. Mwananchi hakutani na Katiba mlangoni. Hukutana na karani.

2. Saa za kazi na mlango wa maktaba

Tangazo la saa za kazi lililobandikwa mlangoni ni ahadi ya Serikali. Ikiwa limeandikwa saa mbili asubuhi, basi saa mbili mlango uwe wazi, taa zinawaka na mtumishi yupo mahali pake. Kufungua mlango saa mbili na kuanza kazi saa tatu ni kuivunja ahadi hiyo.

Inafaa ifikiriwe hali ya mwanafunzi anayetoka Makunduchi au Nungwi kwenda Maktaba Kuu ya Maisara, au anayetoka Micheweni kwenda maktaba ya Chake Chake. Ametoa nauli, huenda ni nauli aliyoiweka kwa siku kadhaa. Akikuta mlango umefungwa, au akiambiwa "njoo kesho" kwa kuwa mwenye ufunguo hajafika, hasara yake haiandikwi katika daftari lolote. Hatopeleka malalamiko. Hatorudi tena, basi. Maktaba huwapoteza wasomaji wake kwa njia hii, kimya kimya, na mwisho wa mwaka husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma.

Kuhusu sala, mtumishi ana haki ya kuitekeleza ibada yake. Ni wajibu wa msimamizi kupanga zamu ili meza isibaki tupu, na ni wajibu wa mtumishi kurejea kwa wakati. Mpango wa Ijumaa na wa mwezi wa Ramadhani ubandikwe mapema mahali panapoonekana, ili msomaji ajue kabla ya kutoka nyumbani kwake.

3. Kumpokea msomaji

Msomaji apokewe kwa salamu inayomstahiki. Mzee aitwe Mzee, mwanamke mtu mzima aitwe Bibi, mwalimu aitwe Maalim, na mtoto asemeshwe kwa upole kama mtoto wa nyumbani. Waliotangulia wametuachia usemi kwamba heshima si utumwa. Mtumishi anayeinuka kumsaidia msomaji hakupungukiwa na kitu.

Kwa kawaida msomaji hajui jina la kitabu anachokitaka. Hujua shida yake tu: mikarafuu yake inakauka, anataka kujua habari za mirathi, au ana mtihani wa Biolojia. Kazi ya mkutubi ni kuuliza kwa utaratibu hadi shida hiyo igeuke kuwa kitabu. Jawabu la "tafuta mwenyewe kwenye rafu" halimfai mtu asiyejua rafu zimepangwaje. Mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za kazi ya maktaba alizozitoa mwaka 1931, aliuhesabu wakati wa msomaji kuwa ni kitu cha kuokolewa. Kanuni hiyo ni ya kukumbukwa kila mtumishi anapomwacha mtu amesimama mbele ya meza ili amalize kwanza mazungumzo ya simu.

Lipo jambo moja linalohitaji uangalifu hasa visiwani kwetu. Wako wazee waliosoma chuoni, wanaoandika na kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za Kirumi zinawapa taabu. Mtu wa namna hii akiomba asomewe kichwa cha kitabu, si haki kumhesabu kuwa hajui kusoma, wala kumjibu kwa sauti itakayowafanya wengine wageuke. Huenda anasoma yale ambayo mtumishi mwenyewe hawezi kuyasoma. Asaidiwe fomu yake ijazwe, asomewe alichokiandikiwa kabla ya kutia saini, na aelekezwe rafu inayomfaa.

4. Usawa, na kitabu kilichokwama kwa mkubwa

Kanuni ya usawa ni nyepesi kuitamka. Uzito wake huonekana pale anayehusika ni jamaa, jirani au mkubwa.

Uchukuliwe mfano huu. Mwanafunzi amechelewesha kitabu kwa wiki mbili. Anapokirejesha, anatozwa faini iliyowekwa na anaonywa mbele ya watu. Katika maktaba hiyohiyo, ofisa mwenye cheo aliazima kitabu cha sheria miaka miwili iliyopita. Hakuna aliyemwandikia barua. Kila karani anayelifungua daftari huliona jina lake na kuupindua ukurasa. Kitabu ni nakala moja tu, na wasomaji wanaokiulizia wanaambiwa "kimeazimwa".

Katika mfano huo kosa la ofisa ni kuchelewesha. Kosa la maktaba ni kubwa zaidi, kwa sababu imeweka sheria mbili, moja ya mwenye cheo na moja ya mwanafunzi. Tena yule mdogo aliyerudisha mwenyewe ndiye aliyepata adhabu, na somo alilolipata ni kwamba bora angelikaa nacho.

Njia iliyo sawa ni hii. Barua ya ukumbusho iwe ya namna moja kwa wote, itolewe kwa tarehe ileile ya kawaida, na itiwe saini na mkuu wa maktaba, si karani wa meza. Kwa utaratibu huo karani mdogo hasimami peke yake mbele ya mkubwa, na mkubwa naye haoni kuwa amekusudiwa yeye. Barua ianze kwa heshima, itaje jina la kitabu na tarehe, na iombe kirejeshwe. Wengi hukirejesha siku ileile, kwani walikuwa wamesahau.

Vilevile ni kosa kumwekea rafiki kitabu kipya chini ya meza kabla hakijafika rafuni, kumpa jamaa kitabu cha rejea aende nacho nyumbani, au kumpa mtu nafasi ya kompyuta huku wengine wako katika foleni. Hakuna fedha iliyopita mkono hapo, lakini haki ya mtu imepita.

Usawa unahusu pia fikra. Mtumishi ana dini yake na ana rai yake ya siasa, na hizo ni haki zake. Akiwa kazini, asivae alama ya chama, asifiche kitabu asichokipenda, wala asimwulize msomaji kwa nini anataka kusoma jambo fulani.

5. Siri ya msomaji

Hapa ndipo penye uzito mkubwa wa kazi hii, na ndipo penye makosa mengi yanayofanywa bila ya nia mbaya.

Visiwa vyetu ni vidogo na watu wanajuana. Karani wa meza anaweza kuwa jirani, shemeji au mwanafunzi wa zamani wa huyo aliye mbele yake. Kwa hivyo anachokiona katika daftari la maktaba si majina ya vitabu tu. Kijana anayesoma habari za ugonjwa fulani huenda ana hofu ambayo hajamwambia mtu. Mwanamke anayesoma habari za talaka na malezi ya watoto huenda bado hajaamua lolote, na anataka kwanza kujua haki yake. Mtumishi wa ofisi fulani anayesoma sheria za kazi huenda ana mgogoro na mkubwa wake. Maneno mawili yaliyotoka mdomoni mwa karani wakati wa chakula cha mchana yanaweza kufika nyumbani kwa mtu kabla ya yeye mwenyewe kufika.

Kwa sababu hiyo, yafuatayo ni ya lazima:

(a) Aliyoyasoma, aliyoyaazima na aliyoyauliza msomaji asielezwe mtu mwengine, awe mume, mke, jirani au mwenzake wa kazi.

(b) Daftari la kuazimia na skrini ya kompyuta visielekezwe upande wa wasomaji.

(c) Msomaji akisahau kufunga barua pepe yake katika kompyuta ya maktaba, mtumishi aifunge bila ya kuisoma.

(d) Orodha ya waliochelewesha vitabu isibandikwe ukutani. Kila mmoja aandikiwe barua yake.

(e) Karatasi zilizojazwa majina na namba za simu zisigeuzwe kuwa karatasi za kufungia vitu wala za kuandikia hesabu.

Huja wakati mtu akamwambia karani: "Mke wangu aliazima kitabu hapa, nitazamie ni kipi nikirejeshe." Ombi hilo linaonekana jepesi, na huenda ni la kweli. Jawabu lake ni la upole na ni fupi: "Bwana, kitabu ukija nacho tutakipokea. Yaliyomo katika daftari ni ya mwenyewe, yeye akija tutamtazamia." Mume mwenye nia njema hatodhurika kwa jawabu hilo. Mke mwenye sababu ya kunyamaza atakuwa amehifadhika. Kwa vile karani hawezi kujua ni ipi kati ya hali hizo mbili, jawabu liwe moja kwa kila mtu.

Ikiwa anayetaka habari ni ofisa wa chombo cha sheria, karani asikatae wala asitoe. Amkaribishe kwa heshima na ampeleke kwa mkuu wa maktaba, ambaye ataangalia kama ombi limeletwa kwa maandishi na kwa mujibu wa sheria, na atatafuta ushauri wa kisheria pale panapohitajika. Siri ya msomaji si ngao ya kuzuia haki isitendeke. Inachozuia ni habari za watu kutolewa kwa mazoea au kwa kuogopa sauti ya muombaji.

6. Fedha, stakabadhi na zawadi

Faini, ada na malipo ya kutoa nakala ni fedha za umma hata kama ni kidogo. Kila malipo yatolewe stakabadhi, hata kama mlipaji hakuiomba, na yaingizwe katika daftari siku hiyohiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karani akiona kuwa msomaji ni maskini na hawezi kulipa faini, asimsamehe kwa siri na asimlipie kwa kuacha nafasi katika hesabu. Ampeleke kwa mwenye mamlaka ya kusamehe, na uamuzi uandikwe.

Zawadi ni mlango mwengine. Msomaji aliyefaulu mtihani akileta halua kwa watumishi wote, hiyo ni shukurani na italiwa na wote mbele ya wote. Mtu akimpa karani mmoja fedha pembeni ili awekewe kitabu au apewe kadi haraka, hiyo ni rushwa hata ikiitwa "ya chai". Kipimo chepesi ni kujiuliza kama zawadi hiyo ingeliweza kupokelewa mbele ya mkuu wa kazi na mbele ya wasomaji waliomo katika foleni.

7. Hifadhi ya vitabu na vifaa

Hali ya hewa ya pwani ni adui wa karatasi. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza kuota, na msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndio wa hatari zaidi. Mchwa nao hupanda kwa ukuta na huweza kula kitabu kutoka ndani hali jalada limebaki zima. Kwa hiyo mhudumu anayefagia chini ya rafu na kuona mkondo wa udongo ukutani ana habari muhimu kuliko mtu yeyote katika jengo, na ripoti yake isidharauliwe kwa sababu ya daraja lake. Vitabu visigusane na ukuta, rafu zisijazwe hadi hewa ikose kupita, na kitabu kilichorowa kitengwe mara moja.

Kitabu kilichorejeshwa pasipo pahala pake ni sawa na kilichopotea. Utaratibu wa Dewey, uliotolewa mwaka 1876, unaigawa elimu katika mafungu kumi kuanzia 000 hadi 900. Kitabu cha Uislamu chenye namba 297 kikiwekwa katika fungu la 900 la historia, msomaji ataambiwa hakipo, na huenda Serikali ikatumia fedha kununua chengine. Kuzipanga rafu kwa usahihi ni sehemu ya maadili ya kazi, ijapokuwa haionekani hivyo.

Kuhusu kutoa nakala, Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Mashine ya maktaba isitumiwe kutoa nakala za kitabu kizima kwa ajili ya kuuzwa, wala mtumishi asiifanye kuwa biashara yake binafsi baada ya saa za kazi. Gari, simu, karatasi na umeme navyo ni kwa kazi ya umma.

8. Baina ya watumishi wenyewe

Maktaba isiyo na masikilizano ndani haiwezi kuwa na utulivu nje. Msimamizi akitaka kumwonya aliye chini yake, amwite ofisini. Asimkemee mbele ya wasomaji. Mtumishi akiwa na lalamiko, alipeleke kwa utaratibu, asilipeleke barazani. Matusi, ubaguzi na kila aina ya udhalilishaji wa kijinsia ni makosa, na mkosaji hahifadhiwi na cheo chake. Kijana aliyekuja kujifunza kazi au msomaji wa kike aliyebaki peke yake katika chumba cha kusomea wawe katika amani ileile ambayo mtumishi angelipenda binti yake awe nayo.

Panapotokea tuhuma za kuvunja nidhamu, mtumishi aelezwe kosa lake kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na uamuzi utolewe kwa mujibu wa sheria na kanuni za utumishi. Adhabu isiyotanguliwa na kusikilizwa ni dhulma, hata kama kosa lilikuwapo. Kadhalika, kosa linalojulikana na kila mtu likanyamaziwa miaka mingi ni dhulma kwa wale wanaofanya kazi yao sawasawa.

9. Wajibu wa wananchi

Haki ya msomaji ina wajibu wake. Asikate ukurasa wala asipige mistari kitabuni. Asile wala kunywa karibu na vitabu. Arejeshe kwa tarehe, na akipoteza kitabu aje aseme. Mzazi anayekuta nyumbani kitabu chenye muhuri wa maktaba, hata kiwe cha miaka mingi, akirejeshe. Watumishi wanatakiwa kukipokea kwa shukurani, na suala la faini litaamuliwa na mkuu wa maktaba. Msomaji aliyehudumiwa vibaya asiondoke kimya. Ana haki ya kumwona mkuu wa maktaba au kuandika barua, akitaja siku, saa na jambo lililotokea.

10. Mazoezi ya kujadiliwa katika mkutano wa watumishi

1. Karani yuko peke yake mezani. Mwalimu wake wa zamani anaomba kitabu cha rejea kwa usiku mmoja tu, na anaapa kukirejesha asubuhi. Karani afanye nini, na aseme maneno gani ili asimvunjie heshima Maalim wake?

2. Mama anataka kujua binti yake wa miaka 17 anasoma vitabu gani. Je, jawabu lake litofautiane na lile la mume katika sehemu ya 5? Toeni sababu.

3. Mhudumu ameona mchwa na ameripoti mara mbili bila ya hatua kuchukuliwa. Ni njia ipi ya tatu iliyo sahihi?

4. Chukueni daftari la kuazimia la maktaba yenu. Hesabuni vitabu vilivyopitiliza mwaka mmoja. Je, waliovichukua wote wameandikiwa barua?

Wakuu wa maktaba na wa vituo vya kusomea wanaombwa walisome somo hili pamoja na watumishi wao wote, pamoja na wahudumu na walinzi, na kuanza na zoezi la nne.